Doto Anatosha

Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya vyuma, kanga moja imenasa kwenye ngazi, gaguro langu lenye kiraka linapepea (ndiyo, lenye kiraka, na kila mtu alikiona), mjukuu wangu Kulwa kaning'ang'ania mgongoni kama kupe, king'ora kinalia mpaka meno yanauma, halafu sauti ikatoka kwenye spika: "Mama mwenye kanga ya njano, usisogee hapo ulipo!" Nisogee niende wapi? Na kule kwenye turubai la wageni walikuwa wamefunga runinga kubwa kama mlango wa gereji, na ndani ya runinga nilikuwemo mimi, nimezungushiwa alama nyekundu, diwani ananitazama, shehe ananitazama, kwaya nzima ya kanisani inanitazama.

Basi nisikilizeni mimi mwenyewe, maana hapa kijijini kwetu Ntalikwa kila mtu anaisimulia habari hii anavyotaka.

Nalea wajukuu pacha wa kike, Kulwa na Doto, tangu marehemu binti yangu aniachie hawajaota meno. Ni wake wenzangu hao, tunataniana, tunagombania kitanda, nikinunua andazi nanunua mawili, nikimsuka mmoja namsuka na mwenzake siku hiyohiyo, kwa sababu kwetu humpi pacha mmoja ukamruka mwingine, aliyerukwa anaugua (chekeni mkitaka, Kulwa aliwahi kurukwa nguo ya Idi akaamka na homa).

Sasa kampuni ya kutafuta mafuta ikaleta mtambo wake mpya porini, mbele ya Nzega huko, ikatualika tukauone. Mimi mitambo ya visima naijua, wanaume wamejaa tope mpaka kwenye kope, wanavuta minyororo, wanatukanana. Huu, hakuna mtu! Mnara umesimama, mabomba yamepangwa, na kijana mmoja tu yuko ndani ya kibanda cha vioo, kakaa kwenye kiti kama cha kinyozi, kashika kijiti. Afisa mahusiano wao, Faraja (namtaja, na nitamtaja tena), akasema mkono wa chuma ndio unaookota bomba, unalifunga na kulishusha, na kamera zinalinda, mtu akikanyaga palipokatazwa mtambo unasimama wenyewe. Hayo ya kamera nimekuja kuambiwa baadaye, wakati ule nilikuwa nimeinama namfunga Doto kiatu.

Faraja akataka mtoto wa kukaa kwenye kile kiti apigwe picha. Akamshika Doto, akamvika kofia ngumu.

"Na huyu pia, mwanangu," nikasema.

"Mama, si wanafanana? Picha ni ileile, mmoja anatosha."

"Ni pacha hawa, baba."

"Ndiyo maana, mama!"

Watu wakacheka. Doto akapanda kibandani, anapunga mkono, kofia imemfika puani. Kulwa hakulia, bora angelia. Akaninong'oneza: "Bibi, mimi nitaanza kuumwa lini?"

Hapo damu ikanichemka. Shemeji yangu Shabani, fundi baiskeli wa kule Cheyo, mjuaji wa kila kitu, akanisogelea. "Shemeji, mpitishe huku nyuma, kuna ngazi. Mtambo wenyewe wameuzima."

"Una uhakika?"

"Kwani unaona mtu anafanya kazi pale?"

Nikatazama. Kweli, hakuna mtu. Nikambeba Kulwa mgongoni, msichana wa darasa la pili, miguu inaning'inia, nikamfunga kwa kanga, nikainama chini ya utepe mwekundu, nikapanda.

Nimekanyaga tu kile chuma cha juu, kumbe mtambo haujazimwa, mkono ukageuka wenyewe na bomba lake ukanijia, nikajitupa chini, ukasimama. Kila kitu kikasimama, kikabaki king'ora. Wageni wakakimbizwa kiwanjani kuhesabiwa, kiatu cha diwani kimebaki kwenye tope, pilau limebaki kwenye masufuria, na hesabu haiji, wanarudia haiji, kwa sababu mashine iliona mtu mmoja pale juu. Kulwa ndani ya kanga haikumwona. Nayo ikamruka!

Kwenye basi tulirudi na njaa, hakuna aliyenisemesha isipokuwa Shabani: "Mimi nilikuuliza swali tu, shemeji."

Siku hizi naitwa Bibi King'ora, watoto wakiniona wanalia wiiu wiiu. Hilo nitalibeba, na chini ya utepe wa mtu sipiti tena hadi naingia kaburini. Homa nayo haijaja, ingawa kila alfajiri nampapasa Kulwa paji la uso. Lakini juzi jirani alitaka kuwapiga picha na simu, Kulwa akaingia ndani. Nikamwita. Akajibu akiwa nyuma ya pazia: "Doto anatosha."

Shabani nitamalizana naye mwenyewe. Wewe Faraja, Ntalikwa unaijua. Njoo, usilete kofia wala hiyo picha yako, ukae kwenye mkeka wangu, umtazame Kulwa usoni, umjibu: yeye kapungua nini hata asitoshe?