Kirikuu Mbili na Magoti ya Mama Mkwe

Kule Chome, juu ya milima ya Upare, ambako ukungu wa asubuhi ni mzito hata mbuzi hupiga hodi kabla ya kutoka zizini, alikaa mwanaume mmoja aitwaye Sifael Mrutu. Hakuwa mtu wa kusimuliwa. Hakuwahi kuua chui, hakuwahi kugombea udiwani, na maisha yake yote alifungua kesi moja tu barazani, jambo ambalo kwa Mpare ni sawa na kusema hajawahi kupiga chafya. Alikuwa na kipaji kimoja: alijua kuteremsha gari mlimani bila kuchoma mafuta.

Kazi hiyo aliisomea juu ya magari ya wenzake. Alikuwa utingo kwa miaka mingi, amekaa juu ya magunia ya kabichi na viazi, mpaka upepo wa milimani ukamlaza nywele upande mmoja na hazijarudi hadi leo. Huko juu ndiko alikojifunza desturi ya madereva wa Chome. Wao hawapendi kabisa kuona petroli ikichomwa kwenye mteremko. Mlima unakushusha bure, wewe unalipia nini? Kwa hiyo dereva akishavuka kilele anatoa gia, analiacha gari lijiendee, mguu kwenye breki, mdomoni wimbo wa kanisani kwa ajili ya tahadhari.

Sifael alipopata leseni aliwapita wote. Walisema akitoa gia Chome, anaikumbuka tena akiona mabasi ya barabara kuu. Walisema siku moja aliondoka na petroli nusu lita akafika Hedaru, kule chini kwenye barabara kuu, na lita nzima. Hilo la lita ni uongo, lakini lilisemwa na watu wazima waliokuwa wamekunywa chai tu.

Sasa, gari alilokuwa akiendesha likauzwa na mwenye mali, Sifael akabaki na leseni na nywele zake za upande mmoja. Ndipo Bi Mwanahalima wa Hedaru alipomwita dukani. Mama huyu aliuza vifaa vya ujenzi, na pembeni alikuwa na magari ya mkataba: unachukua gari, kila wiki unampelekea hesabu yake, fedha mliyopatana, na mkataba ukiisha gari linakuwa lako.

"Nina kirikuu mbili," akamwambia. Kirikuu ni vile vigari vidogo vya mizigo vyenye pua fupi kama ya paka. "Moja ya petroli, moja ya umeme. Ya petroli hesabu yake ndogo, ila kunywa inakunywa. Ya umeme hesabu yake kubwa, maana hata mimi nimeinunua kwa kujifinya, ila kituo cha mafuta haikijui. Wiki hii endesha ile, wiki ijayo hii. Ijumaa ya pili uje uniambie unaweka dole gumba kwenye mkataba upi."

"Na nikikosea kuchagua, Bi Mwanahalima?"

"Hesabu ikikushinda, gari linarudi. Na usije kulilia hapa dukani, wateja watadhani nimekupiga."

Sifael alijua gari linavyorudi. Miaka ya nyuma mkataba mmoja ulishamponyoka namna hiyo hiyo. Ukimponyoka wa pili, ilikuwa imebaki kazi moja tu inayomsubiri, nayo ilikuwa na mdomo. Mdomo wenyewe ulikuwa wa Paschal, kaka wa mke wake, aliyekuwa na kirikuu yake ya petroli na alikuwa akitafuta utingo.

"Shemeji," Paschal alimwambia kila asubuhi pale wanapopakia mizigo, tena kwa sauti ya kusikika hadi msitu wa Shengena, "nafasi yako juu ya kabichi naitunza. Nimeshakutandikia gunia."

Watu wakacheka. Sifael naye akacheka, lakini cheko lake halikufika tumboni. Mwanaume mzima, baba wa Jenifer, arudi juu ya kabichi, tena kabichi za shemeji yake?

Wiki ya kwanza akaendesha ya petroli. Mkewe, Agape, hakuwa mtu wa kuamini maneno. "Baba Jenifer, wewe niambie tu mapato na matumizi, hukumu itatolewa na maharage." Akaweka bakuli mbili kabatini, moja ya petroli, moja ya umeme. Kila jioni alitia punje moja kwa kila elfu iliyoingia, kisha akatoa punje kwa kila elfu iliyokwenda kwenye mafuta, breki na hesabu ya tajiri. Bakuli likijaa, petroli ikalinywa. Ijumaa ilipofika, maharage yaliyobaki yalitosha mboga ya watu wawili, tena wawe wametoka harusini.

"Hii tutalipa hesabu, lakini hatutakula," Agape akasema.

Wiki ya pili ikaja ya umeme. Siku ya kwanza ilipita kijijini kimya, bila mngurumo wowote, mzee Asheri akaitikia "marahaba" mara tatu kwa sababu alihisi kuna mtu amempita asimwone. Usiku Sifael akaichomeka ukutani kama simu. Asubuhi Agape akasoma mita ya LUKU, akasoma tena, akaifuta vumbi akasoma mara ya tatu. Yuniti zilizokwenda zilikuwa chache mno ukilinganisha na petroli ya siku moja. Akaanza kupika maandazi kabla hata hajaambiwa.

Sifael naye akaazimia kuitunza ile chaji kama alivyotunza petroli maisha yake yote. Kila penye mteremko alitoa gia, kirikuu ikateremka yenyewe, yeye na breki na wimbo wake. Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, wakati wa kupanda kurudi nyumbani, gari likaanza kupunguza mwendo kama mtu aliyesahau kitu, likasimama katikati ya kilima. Chaji kwisha.

Kijiji kizima kikatoka kuisukuma, kama vile siku ya msaragambo wa kuzibua mfereji. Wanakwaya walikuwepo, waliokuwa wakichimba viazi walikuwepo, hata watu wawili wenye kesi ya mpaka wa shamba walisukuma bega kwa bega, kila mmoja akimtuhumu mwenzake kwamba hasukumi. Paschal akapita polepole na petroli yake, akatoa kichwa dirishani.

"Shemeji, hiyo gari au ni mkokoteni wa kifahari?"

Tangu siku hiyo Sifael akaogopa safari ya pili. Akishafika Hedaru ilimbidi aichomeke nyuma ya duka la Bi Mwanahalima, akae kwenye mfuko wa saruji nusu ya siku akiangalia wenzake wakipanda na kushuka. Breki nazo zikaanza kunuka kama nyama iliyosahaulika jikoni. Ilipofika Jumatano kuku aliingia ndani, akachungulia bakuli la umeme, akatoka bila kudonoa.

"Basi nitachukua ya petroli," Sifael akasema jioni ile.

"Ile ambayo hatutakula?" Agape akauliza.

"Angalau inapanda mlima."

Agape akarudisha bakuli kabatini. Wote wawili waliijua hesabu ile: petroli ingewafikisha miezi michache, gari lirudi kwa mwenyewe, na baada ya hapo ni gunia la Paschal.

Alhamisi ikaamka vibaya zaidi. Umeme ulikatika usiku, kirikuu ikaamkia chaji nusu. Kabichi zilikuwa zimeshapakiwa mpaka juu, na wenye kabichi wakisubiri. Sifael akaiwasha, akaingiza gia, mguu kwenye breki, tayari kuondoka. Hapo hapo mlango wa pili ukafunguliwa akaingia mama mkwe wake.

Huyu ni Mama Eliaichi, mama wa Agape na wa Paschal. Alikuwa na jogoo ndani ya kikapu, anampelekea dada yake Hedaru. Paschal alikuwa ameshaondoka bila yeye, na nyuma kabichi hazikuacha hata nafasi ya sisimizi.

"Shikamoo, mama," Sifael akasema, macho mbele.

"Marahaba, baba. Twende, jogoo anakosa hewa."

Hapa lazima ieleweke. Mwanaume wa Chome aliyelelewa vizuri hamgusi mama mkwe. Hata chumvi hampi mkononi, anaiweka chini yeye aiokote. Na kichwa cha kirikuu ni kidogo kama kabati la vyombo, na mkono wa gia uko katikati ya viti, na Mama Eliaichi Mungu alimjalia. Alipokaa, goti lake la kulia lilifika kwenye gia. La kushoto likakosa pa kwenda. Juu ya magoti akatandaza kanga, juu ya kanga akaweka kikapu, na mkono wa gia ukatoweka humo ndani kama jiwe lililozama Ziwa Jipe.

Wakavuka kilele. Mteremko ukaanza. Mkono wa Sifael ukanyanyuka wenyewe, kwa mazoea, kwenda kutoa gia. Ukafika nusu ya njia ukakutana na kanga. Ukarudi kwenye usukani haraka kama uliogusa sufuria la moto.

Angemwambia nini? Si kwa Kiswahili si kwa Chasu cha Wapare, bado hayajatungwa maneno ya kumwomba mama mkwe asogeze magoti. Basi akateremka na gia ndani, mlima mzima, jasho likimtoka. Gari nalo likawa linajizuia, linalia kwa sauti nyembamba, kana kwamba kuna mtu nyuma ameshika kamba. Breki hakuzihitaji sana. Hilo hakulitambua, maana alikuwa anaiombea kirikuu isife na mama mkwe ndani.

Walipofika kona za katikati Mama Eliaichi akauliza, "Baba, hizo namba zinazowaka hapo ni za nini?"

"Ni chaji, mama."

"Ndiyo mafuta yake?"

"Ndiyo mama, ndiyo mafuta yake."

"Mbona yanapanda?"

Sifael hakugeuka, kwa sababu ya heshima. "Hayapandi, mama. Yanashuka."

"Mimi shule sikwenda, lakini hamsini nilizijua kwenye noti. Ilikuwa hamsini. Sasa hivi pale mbele kuna sita."

Akatupa jicho moja tu kwenye zile namba. Sitini. Akatazama barabara, akatazama tena. Sitini na moja.

"Basi ni kama ndiva," Mama Eliaichi akasema, akimtuliza jogoo. "Usiku maji yanateremka, bwawa linajaa, asubuhi unafungulia shambani. Mbona unatoka jasho?"

Wakafika Hedaru na chaji nyingi kuliko waliyoondoka nayo. Uongo ule wa lita nzima, uliosemwa na watu wa chai, ukawa kweli mchana kweupe, tena mbele ya jogoo.

Sifael akashusha kabichi, akapanda mlima, akafika nyumbani gari halijachoka. Akapakia mzigo wa pili, sasa akijua kwamba gia ikibaki ndani, mlima wenyewe unajaza chaji. Tatizo likawa mkono wake. Mkono uliotoa gia miaka yote hauwezi kuachishwa kwa siku moja, na mama mkwe alikuwa amebaki kwa dada yake. Sifael akafikiri, akachagua kabichi kubwa kuliko zote, akaikalisha kiti cha mbele na nyingine mbili pembeni yake, akazifunika kwa kanga ya mkewe mpaka juu ya gia.

"Shikamoo, mama," akaiambia, akaondoka.

Mkono ulinyanyuka mara nyingi siku ile. Kila ulipoiona kanga ulirudi kwenye usukani kwa adabu.

Jioni ile, safari mbili na chaji ya akiba, Agape alitia maharage mpaka bakuli likamwagika, akatoa ya LUKU, akatoa ya hesabu kubwa ya tajiri, na bado yaliyobaki yalilishinda bakuli la petroli la wiki nzima. Akamtazama mumewe.

"Siku zote hizi ulikuwa unatoa gia?"

"Nilikuwa nabana matumizi."

"Baba Jenifer, ulikuwa unafungulia ndiva usiku."

Ijumaa akaenda kwa Bi Mwanahalima, akaweka dole gumba kwenye mkataba wa umeme, akalikandamiza mpaka karatasi ikaacha alama kwenye meza. Akamweleza yote, na habari za kanga. Bi Mwanahalima alicheka hadi akashika rafu ya misumari.

"Aliyeniuzia alinieleza jambo kuhusu mteremko. Nikadhani anasifia mali yake tu."

Lakini huko Chome habari ilifika ikiwa imeshabadilika. Watu walisema Mama Eliaichi akikaa kiti cha mbele, gari linajaa lenyewe. Wengine walimpelekea simu awashikie. Paschal ndiye aliyeamini kuliko wote, maana ni mama yake na aliona ana haki naye. Akamkalisha mbele kwenye kirikuu yake ya petroli, na kwa kuwa mtoto hamwogopi mama yake, akamwambia, "Mama, sogeza goti," akatoa gia kama kawaida. Mshale wa petroli haukupanda hata unywele. Breki ndizo zilizopanda joto, na mbele kidogo ya kona ya mwisho zikafuka moshi. Akalazimika kuliacha gari pale limsubiri fundi.

Sifael akawakuta wawili hao kando ya barabara, mama amekaa juu ya kikapu. Mama Eliaichi hakusubiri kukaribishwa. Akaingia mbele, akatandaza kanga, gia ikatoweka.

Paschal akabaki amesimama, mikono mfukoni.

"Shemeji, na mimi nikae wapi?"

Sifael alikuwa anatazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, kama mkwe mwenye adabu.

"Juu ya kabichi, shemeji. Nimekutandikia gunia."