Kinyozi Aliyedhaniwa Anakonyeza

Wateja walimwita Kope. Alikuwa kinyozi hodari, mama wa miaka thelathini na mbili, na tangu utotoni kope zake zilimchezacheza kila alipofumba macho penye mwanga mkali. Shuleni alichapwa kwa kumkonyeza mwalimu. Kazini, wanaume wengine walijiona wana bahati, wakawa wanakuja kunyoa hata nywele ambazo hazijaota.

Ila alikuwa na siri. Kope zikicheza, mara nyingine dunia ilimponyoka sekunde mbili tatu, akazinduka mashine ingali inanguruma hewani. Ndiyo maana wembe alishaugawa.

Aliyeshtukia ni mteja mgeni, mzee mmoja daktari wa ubongo. Alimwona kwenye kioo: jua limepenya dirishani, kope zinacheza, macho yamepanda, mkono umesimama. Hakucheka. Alipomaliza kunyolewa, aliuliza taratibu, "Mwanangu, huwa unapotea kidogo?"

Kope akaketi kwenye kiti cha wateja, akasimulia yote.

Wiki iliyofuata alilazwa kitandani hospitalini, nyaya zimegandishwa kichwani, mumewe pembeni. Taa ikawa inawaka na kuzimika harakaharaka, akaambiwa afumbe macho. Kwenye skrini, mistari iliyokuwa imetulia ikarukaruka. Daktari akawaeleza kwamba ni kifafa cha aina adimu, kinachoamshwa na mwanga na kule kufumba macho, na kwamba kina dawa.

Neno kifafa lilimkata maini. Akamgeukia mumewe, fundi bomba asiye na maneno mengi, akamkuta ameinama anawaza.

"Kwa hiyo siku ile nilipokuja kunyoa," mume akasema, "hukunikonyeza?"

"Sikukukonyeza."

"Na mimi miaka saba natamba kwa kaka zangu."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Vidonge vya kwanza vilimlegeza kama mlenda, ikabidi daktari apunguze kiasi. Kope bado zinacheza siku za jua kali, hata akivaa miwani ya bluu aliyopewa kupunguza mwanga. Lakini kule kupotea kumekoma.

Mwaka jana alimwona binti wa kaka yake, wa miaka tisa, akichezesha kope vilevile uani. Kesho yake asubuhi walikuwa njiani kwenda kwa daktari, wameshikana mikono.

"Shangazi, zile nyaya zinauma?"

"Haziumi. Gundi yake tu ndiyo inachafua nywele, nami kuosha nywele ndiyo kazi yangu."