Mfumo Uliozima Kila Fundi Alipotoka Nyumbani

Jua halijakolea, na mwanamke mmoja amesimama mbele ya meza ya muuza mboga, anapekua mkoba kutafuta chenji. Simu inaita. Anaangalia anayepiga, na uso unamshuka kabla hajapokea.

"Fundi, umelala tena," inasema sauti ya muuguzi, bila hata salamu. "Mfumo wako. Nafungua, naambiwa kuna hitilafu."

"Nipe dakika chache, Sista. Niko njiani."

Hayuko njiani. Anarudisha nyanya mezani, anamwomba muuza mboga radhi, kisha anaondoka kwa ule mwendo wa mtu mzima anayeona aibu kukimbia.

Ilikuwa wiki ya pili mfululizo akiacha manunuzi sokoni namna hiyo. Muuza mboga alishaanza kumtania kwamba anakuja kuzishika nyanya tu, kuzijulia hali.

Fundi ni jina walilompa wauguzi, na limemganda hadi kwa majirani. Ana miaka thelathini na tisa. Zamani alikuwa mpokea wagonjwa katika zahanati hiyohiyo, na kila asubuhi aliwaona wauguzi wa majumbani wakigombania karatasi moja ya kuonyesha nani anakwenda kumwona nani. Wagonjwa wao ni watu wasioweza kuinuka kitandani. Karatasi ikipotea, kuna mtu analala na kidonda kisichosafishwa.

Kisha mama yake akapata kiharusi. Mkono wa kushoto ukalegea, na hadi leo haujarudi sawasawa. Fundi akaacha kazi, akarudi nyumbani kumtunza.

"Miezi ya mwanzo nilikuwa namlisha na kijiko," anasema. "Akishalala, sina la kufanya. Nikaanza kujifunza kutengeneza tovuti kwa video za bure. Mama alidhani natazama tamthilia."

Alichokitengeneza hakina makuu. Muuguzi anafungua simu, anaona leo anakwenda kwa nani na kuna kazi gani, na akimaliza anabonyeza kitufe kuonyesha kwamba amemwona mgonjwa. Programu yenyewe inakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kukodi iliyo mbali, ambayo haizimwi mchana wala usiku. Fundi huingia humo kupitia kompyuta mpakato iliyo kwenye meza ya kulia chakula, sebuleni kwake.

Zahanati ilikubali kuujaribu mfumo kwa wiki mbili. Ukitulia, Fundi angepewa mkataba wa kuuendesha na kuukuza akiwa nyumbani. Usipotulia, wangerudi kwenye karatasi.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Kampuni moja ya mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, ilikuwa imempa kazi ya ofisini na inangoja jibu ifikapo Ijumaa. Kuikubali kulikuwa na maana ya kumwacha mama yake mikononi mwa mtu wa kuajiriwa.

"Nilikuwa nikimvisha mama gauni nafikiria, huyo mtu atajua kwamba ukimvisha unaanza na mkono mgonjwa? Nikawa namaliza kumfunga vifungo huku macho yananiuma."

Siku ya kwanza ya majaribio ndiyo iliyozaa balaa lote. Fundi alikuwa ameiandaa seva iiwashe programu yenyewe, lakini kuna ruhusa aliyosahau kuiweka, na programu ikagoma kuwaka. Wauguzi walikuwa wamekaa wanasubiri. Basi akaingia kwenye seva, akaiwasha kwa mkono, ikawaka, watu wakapiga makofi. Akajiambia hiyo ni ya leo tu, kesho atatengeneza vizuri.

Kesho ikaja na mambo yake. Mfumo ulikuwa unafanya kazi, na nani ana hamu ya kugusa kitu kinachofanya kazi? Cha muda kikahamia moja kwa moja.

Ndipo ukaanza ule mchezo wa asubuhi. Fundi akikaa na kompyuta yake, mfumo umetulia tuli. Akitoka kwenda sokoni, saa pekee anayotoka kwa siku, simu inaita. Akirudi anaikuta kompyuta wazi mezani kama alivyoiacha, ila mawasiliano na seva yamekatika. Anaingia upya, anaiwasha programu, maisha yanaendelea.

"Nilianza kuona kama inanionea," anasema, sasa akicheka. "Kama mtoto mchanga, ukimweka chini tu analia."

Alipekua rekodi za seva mpaka macho yakamvimba. Akadhani kumbukumbu imejaa, akaiongeza. Akashuku hifadhi ya taarifa za wagonjwa, akaihakiki yote. Akaushuku mtandao wa nyumbani. Mwisho akaiandikia kampuni ya seva barua ya kulalamika, ndefu na yenye maneno makali, nao wakamjibu kwa upole kwamba kwao kila kitu kiko salama. Siku hiyo, anasema, alitamani kuwatukana.

Kisha mzee mmoja akarukwa. Mfumo ulikuwa umezima asubuhi, muuguzi hakuliona jina lake, na mzee akakaa hadi jioni akisubiri kubadilishiwa bandeji.

"Hakulaumu," anasema Sista, msimamizi wa wauguzi wa majumbani. "Alisema tu, nilijua mtakuja. Mimi nikaenda nje nikalia. Nikampigia Fundi nikamwambia, mdogo wangu, nakupenda, lakini mpaka Ijumaa mfumo uwe umepona."

Keshoyake mvua ilinyesha na Fundi hakwenda sokoni. Alikuwa chumbani akikunja mashuka aliposikia ufagio sebuleni. Mama yake, tangu apate nafuu, hufagia kila asubuhi kwa mkono wake mzima, taratibu, na hakuna wa kumkataza. Fundi akachungulia tu, kama anavyofanya mara kwa mara kuhakikisha hajaanguka.

Akamwona mama akiegemeza ufagio ukutani. Mama akaikunja kompyuta, akatandika juu yake kitambaa cha kufuma, akaendelea kufagia. Alipomaliza na vumbi kutulia, akakitoa kitambaa, akaifunua kompyuta na kuiweka vilevile ilivyokuwa, hata akaisogeza kidogo ili ielekee kiti.

"Mama," Fundi akaita kutoka mlangoni.

Mama akashtuka, akakikumbatia kile kitambaa kifuani. Alikuwa ameambiwa mara nyingi kwamba kompyuta ile isiguswe.

"Ni vumbi, mwanangu," akasema. "Linaingia kwenye hizo herufi. Nakufunikia, halafu narudisha. Sijabonyeza kitu."

Fundi akakaa kwenye mkono wa kochi. Kompyuta ikikunjwa inalala, na ikilala mawasiliano na seva yanakatika. Na programu iliyowashwa kwa mkono namna ile, seva huihesabu kuwa ni ya yule aliyeiwasha. Ikiona mwenyewe ameondoka, inaizima. Huko mbali seva ilikuwa inafuata utaratibu wake tu. Na hapa nyumbani mama alikuwa anafuata utaratibu wake.

"Nimeharibu?" mama akauliza.

"Hujaharibu, Mama. Mimi ndiye niliyeharibu."

Si maneno ya kumfariji mgonjwa, na Fundi anasisitiza hilo kwa mwandishi huyu. "Mfumo unaokufa kwa sababu mama kafagia, huo bado si mfumo. Kosa lilikuwa langu tangu siku ya makofi."

Asubuhi hiyo hiyo aliweka ile ruhusa aliyoisahau. Akaiagiza seva iiwashe programu yenyewe, na ikianguka iinyanyue bila kumngoja mtu. Kisha akamwomba mama aikunje kompyuta. Mama akakataa. Ikabidi abembelezwe kama anaombwa kukata keki, ndipo akaikunja kwa kiganja, macho kwa binti yake. Fundi akafungua mfumo kwenye simu. Majina ya wagonjwa yote yalikuwepo. Wakasubiri, akafungua tena, yapo. Aliikumbatia shingo ya mama yake akalia, na mama, ambaye hakuelewa hata nusu ya jambo lenyewe, akampigapiga mgongoni.

Ijumaa Sista alipiga simu, safari hii kwa salamu ndefu. Mfumo haukuzima tena na mkataba uko tayari. Fundi akaipigia kampuni ya mji wa mbali, akawashukuru, akawaambia hatakuja.

Ana mipango sasa. Zahanati mbili za jirani zimeulizia mfumo, na anataka amfundishe muuguzi mmoja kuuangalia, ili asubuhi awe anampeleka mama kwenye mazoezi ya mkono badala ya kuyaahirisha. Daktari amesema vidole bado vinaweza kurudi.

Ijumaa hiyohiyo alikwenda chumbani kwa mama kumweleza habari hizo. Kitandani palikuwa na begi la safari, wazi. Ndani mlikuwa na nguo za Fundi, za kazini zote, na sweta lake la baridi juu. Zilikuwa zimekunjwa vibaya, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, kama nguo zinavyokuwa zikikunjwa kwa mkono mmoja.

"Nilikusikia juzi ukiongea kwenye simu kuhusu ile kazi ya mbali," mama akasema. "Nikajua hutaniambia, utakaa hapa kwa ajili yangu. Sitaki ukae kwa ajili yangu."

Fundi akaketi kando ya begi.

"Sikai kwa ajili yako, Mama. Nimepata kazi."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Mezani pale."

Mama alimtazama vizuri usoni, kuona kama anadanganywa. Aliporidhika, alilivuta begi kwa mkono wake mzima, akalisogeza kwa binti yake.

"Basi zitoe," akasema. "Zitapata makunyanzi."