Tonge la Adabu

Yule mwanamke keshakufa, na watu huniambia marehemu hasemwi. Mimi namsema.

Alikuwa msimamizi wa jikoni katika shule yetu ya bweni ya misheni, huku Kisauni, miaka ya vita. Wasichana tulikula wanane wanane kwenye sinia moja, sima na kunde. Yeye alipita nyuma yetu akitukumbusha jambo ambalo kila mmoja alifunzwa kwao: mwenye adabu hakombi sinia, huacha kidogo asije akaonekana ana njaa. Nyumbani hicho kidogo kilikuwa tonge moja. Kwake kilikuwa robo ya sinia, na ukipeleka mkono hapo aliugonga kwa mwiko. Makombo yote yaliingia debeni, yakaenda kwa nguruwe wake watatu nyuma ya jiko.

Sikujali, maana nilishiba. Nilianza kujali Jumamosi moja, mvua zikiwa zimekataa mwaka wa pili na watu wa kwetu, upande wa Rabai, wakichimba mizizi wale. Mama aliteremka kwa miguu, akafikia kwa ndugu yake Magogoni, si mbali na shule, kisha akaja langoni na kikapu kitupu. Nilikuwa nikifagia pale pale. Alimwamkia msimamizi kwa heshima zote, akamwomba makombo.

"Makombo si ya watu, mama," alijibiwa. "Nikikupa wewe, kesho utaniletea ukoo mzima."

Debe alikuwa nalo mkononi. Alipita nalo mbele ya mama, akaenda kulimwaga kwa nguruwe. Mama aliniambia nisilie. Sikulia. Niliapa kwamba nguruwe wale watakonda nikiwatazama.

Kosa la yule mwanamke lilikuwa uvivu. Hakupenda moshi, kwa hiyo unga tulipima wenyewe, wasichana wa zamu: pishi kumi na mbili kila siku, kama alivyoamuru. Nikazungumza na wenzangu mmoja mmoja. Tupime kumi, mbili zibaki ghalani; hizo kumi tule zote, tukombe mpaka bati lionekane. Wengi walikuwa na mama zao wenye njaa, lakini walisita, kwani kukomba sinia mbele za watu ni aibu kubwa kwetu. Mmoja akaniuliza nani atakuja kumposa mlafi. Nikamwambia aolewe na nguruwe.

Siku ya kwanza msimamizi alikuta masinia yanang'aa. Akatugonga mikono, tukala. Akatuita walafi, tukaitikia "Abee, Bibi," tukala. Wiki ya tatu nguruwe walipiga kelele hata wakati wa sala. Mungu anisamehe, niliimba siku hiyo kuliko siku zote.

Mwalimu mkuu, Mzungu mkali lakini si mjinga, aliuliza kulikoni. Msimamizi akatushtaki mwenyewe: wasichana wamekuwa walafi, hawaachi kitu. Mwalimu mkuu akataka kujua hapo awali walikuwa wakiacha kiasi gani, na kwa nini. Akaingia ghalani, akaukuta unga uliozidi. Akaniita. Nilimweleza yote, na palipopoa nikatia chumvi.

Nguruwe waliondolewa juma lile lile, mbavu zao zikihesabika. Unga uliookolewa ukaamriwa ugawiwe langoni kila Jumamosi kwa wazazi wenye njaa, na mgawaji awe msimamizi mwenyewe, kwa mkono wake.

Nilipeleka habari Magogoni, ambako mama alikuwa bado yupo. Jumamosi ilipofika niliwahi langoni kabla ya watu wote, nikitaka kuuona uso wa yule mwanamke atakapomtazama mama. Mama alipofika nilimnong'oneza maneno ya kumwambia, makali, niliyoyapanga wiki nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda, akakikinga kikapu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Ahsante sana, dada yangu," alisema. "Mungu akuzidishie."

"Amina," aliitikia yule mwanamke, kana kwamba unga ni wake.

Nilikasirika. Mama alinitafuta kwa macho aniage, nikajifanya nafagia. Akajitwika kikapu chake, akashika njia ya Magogoni peke yake, wala sikumsindikiza.