Mutua Si Template

Siku ya nne leo, na bado nageuka kumuuliza Mutua spelling ya jina la mtu. Kichwa kinajua. Mdomo haujaamini.

Kwa wasiomjua: Mutua ndiye mliyekuwa mkimkuta kwenye computer ya pili pale dukani kwetu River Road, tunakopanga na kuprint programu za mazishi, vile vijitabu vya maisha ya marehemu. Miaka minne tumeketi pamoja tukiandika vifo vya watu wengine. Jumamosi alijiua.

Nimeliandika hilo neno na sijaanguka. Kwa hivyo wacheni kunizunguka inbox na "nasikia ati..." Ni kweli. Wanaouliza alifanyaje, sitawaambia. Mngeuliza anaendeleaje, tena mwezi jana, hapo ningewaheshimu.

Mutua alikuwa akipigia kila familia simu kabla ya kuprint. "Ni Mwikali ama Mwikalii? Mjukuu wa mwisho mmemsahau?" Boss alikuwa anachemka.

Kuna siku nilikopi programu ya zamani nikasahau kubadilisha kurasa za katikati. Kijana wa Muthangari, miaka ishirini na mbili, hajaoa, nikamwachia wajukuu tisa. Jamani! Mutua aliprint upya, akazipeleka mwenyewe hadi mazishini, akaniombea msamaha kwa familia, kisha akabaki kuwapangia viti.

Aliporudi aliniambia, "Wambui, mtu anakufa mara moja tu. Usimpee maisha ya mtu mwingine."

Na kuna mama wa Lavington aliyeshindwa kutaja jina la marehemu mumewe. Mutua alizima monitor, akamletea chai, wakaongea kuhusu mbwa wao hadi jina likatoka lenyewe.

Sasa nafungua wall yake huku mtandaoni nakuta nini? "Mwoga." "Selfish, hakufikiria mamake." "Hizo ni roho chafu, angeokoka." "Watu kama hao hawaombewi kanisani." Mwingine ameweka lol.

Mnachosha! Wote mnasema kitu kimoja. Mmechukua template ya mtu mwingine mkabadilisha jina, na hata jina lenyewe kuna aliyemwita Mutuku.

Mnajua nani anasoma? Mwende, dada yake, akiwa cyber ya mtaani kwao, Satellite. Kisha anafika nyumbani na mama anamuuliza watu wanasemaje.

Jana Mama Mutua alinipigia. "Wambui, wacha hiyo programu. Tutamzika kimya kimya tu, bila picha. Watu wameshasema." Mimi huyo, mpaka Satellite.

Kabla sijaendelea, na mimi sijitoi. Jumatatu ya wiki jana Mutua aliandika hapa: "Nimechoka." Comment ya kwanza ni yangu. "Si hata sisi lol. Monday!" Bado iko, na sitaifuta.

Nilikuwa mita moja kutoka kwake nikiiandika. Kiti changu kinazunguka. Sikukizungusha nimwangalie.

Nilimkuta Mama sebuleni, picha ya Mutua ameilaza kifudifudi mezani. Nikamwambia sitaandika "aliugua kwa muda mfupi," na yale ya huku mtandaoni pia sitayaandika.

"Sasa utaandika nini?"

"Vile alikuwa, Mama."

 Mwende, aliyekuwa mlangoni, akaanza kulia. Kisha Mama akaigeuza ile picha, akaipangusa na leso yake.

"Andika nilipovunjika mkono alinifulia nguo miezi miwili. Mwanaume mzima, anaanika nguo za mamake hapo nje na majirani wanaona. Andika hiyo kwanza."

Nimeandika hiyo kwanza. Ijumaa programu zitakuwa tayari, picha iko mbele, jina lote liko. Anayetaka kusema mwoga aje mazishini amwambie Mama akiwa amesimama mbele yake.

Na wewe unayesoma hii ukiwa umechoka vile Mutua alichoka, tafadhali usikae nayo peke yako. Shika mtu aliye karibu umwambie wazi. Ama nipigie mimi, wengi mna namba. Sitasema lol.

Mutua, nilifungua page mpya, tupu kabisa. Hakuna mstari hata mmoja wa mtu mwingine. Majina Mwende ameyaangalia mara mbili, vile ungetaka.

Haya, pumzika sasa, rafiki yangu. Leo nimegeuza kiti.