Saini ya Orville kwenye Kestrel

Orville Stanczak alikuwa fundi wa milango ya magari ya Kestrel hapa mjini Flint, Marekani, mpaka kiwanda kilipovunjwa. Mafundi wale walitia saini zao kwa chaki nyuma ya kiti, tena kwenye gari waliloliunda wenyewe tu.

Jumamosi, kampuni iliyonunua jina la Kestrel ilimpa kalamu asaini magari mapya ya kiwanda kingine, yaliyobandikwa nembo ile ya zamani.

“Saini, mzee wangu, wateja wanangoja,” alisema muuzaji.

“Hili sikuliunda.”

“Kwani hii si Kestrel?”

“Ukimvika jirani gauni la marehemu mke wangu, ndiyo kafufuka?”

Watu wakacheka. Orville hakucheka. Aliivunja kalamu, akaitupa miguuni pa muuzaji, akaondoka.

Jina la gari walikwisha kulinunua. Walitaka na la mzee lifunike uongo wao, wala hawakuona haya.