Herufi Zinazokula Uzi Bure

Yuditha alizaliwa Bungu, milimani, na shangazi yake akamfundisha kudarizi kabla hajamaliza darasa la nne. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Ua akilitazama asubuhi, jioni limekwisha kuchanua kwenye kitambaa. Basi alipoolewa na Kaleb, fundi wa mitambo ya umeme, wakahamia kota za Hale miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, hakukaa sana bila kazi. Wake za wafanyakazi walimjia na vitambaa vyao kwapani.

Taabu ilikuwa moja tu: kila mmoja alitaka Kiingereza. Foronya isiyo na neno la Kizungu ilionekana ya kishamba. Yuditha Kiingereza hakukijua. Aliandikiwa neno kwenye kipande cha karatasi, naye akalifuata herufi kwa herufi, kama mtu anayefuata nyayo za mnyama asiyemjua.

Siku moja jirani yake Agripina, aliyesoma hadi darasa la nane, alimletea GOODNIGHT.

"Dada Agripina, hili linatamkwaje?"

"Gudinaiti."

Yuditha akaigeuza ile karatasi huku na huku. "Hii g na hii h za huku mwishoni zinasema nini?"

"Hazisemi kitu."

"Sasa zimefuata nini humu?"

"Ndivyo linavyoandikwa, Mama Lukasi."

"Kumbe zinakula uzi wangu bure!"

Herufi bubu zilikuwa na nafuu. Kilichomnyima usingizi ni kistari. Agripina alimwambia GOOD-BYE hutiwa kistari katikati, akakitia. Mwenye kitambaa akakirudisha: kistari kitoke. Yuditha akafumua, pakabaki vitundu kama pameliwa na mende. Haukupita muda, mteja mwingine akakataa chake kwa sababu hakina kistari. Wote wawili walikuwa wamesoma, ila shule mbalimbali, na kila mmoja aliapa kwa jina la mwalimu wake.

Ndipo ikaja harusi ya Serafina, muuguzi wa zahanati. Alitaka foronya mbili. Yake iandikwe BRIDE, yaani bibi harusi; ya mumewe Ernesti iandikwe BRIDEGROOM, yaani bwana harusi. La kwanza lilienea vizuri. La pili likawa refu kuliko kitambaa. Agripina akamwelekeza: neno likigoma kuenea, likate, tia kistari, kipande kinachobaki kishushe chini. Yuditha akadarizi BRIDE-, na chini yake GROOM, akalala ameridhika. Hakujua kwamba mama mkwe wa Serafina angezungushia foronya zote lesi pana. Lesi ikaufunika mstari wa chini wote, na kistari nacho kikamezwa pembeni.

Siku ya kutandika kitanda, mwanamke mmoja akasoma mto wa kwanza, akasoma wa pili, akaanguka sakafuni kwa kicheko. Mito miwili, mabibi harusi wawili, bwana harusi hakuna! Kule mitamboni wenzake Ernesti walimsalimu, "Bibi harusi, hujambo?" Ernesti mwenyewe alicheka. Aliyeshindwa kucheka ni Yuditha. Alijifungia ndani, hata maji bombani akawa anachotewa.

"Nimechoka kudarizi nisichokisoma," alimwambia mumewe. "Neno likinidanganya sina habari."

Kaleb alikuwa anapiga viatu vyake rangi. "Kwani unachokisoma ni nini?"

"Kiswahili."

"Darizi hicho basi."

"Nani atalalia mto wa Kiswahili, Baba Lukasi?"

"Sisi."

Akashona LALA SALAMA kwa ajili ya kitanda chao. Kila herufi ilijitaja yenyewe, na hakuna hata moja iliyokaa pale bila kazi. Agripina alipoiona akasema inafanana na bango la chama. Wateja wakapungua. Yuditha hakurudi nyuma. Miaka ikaenda hivyo, mpaka zama za Ujamaa zikaingia, na kina mama wa Korogwe wakahitaji kitambaa cha meza kuu kwa maonyesho ya Saba Saba. Mmoja wao akapendekeza WELCOME.

"Kazi nipeni," Yuditha alisema, "lakini neno nalichagua mimi."

Akadarizi mahindi na mihogo pembeni, na katikati, kwa uzi mwekundu: KARIBUNI TULE JASHO LETU.

Siku ya maonyesho likafika kundi la wanakijiji kutoka Sindeni, upande wa Handeni. Miongoni mwao alikuwa Bi Chausiku, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyeanza kisomo cha watu wazima mwaka uleule. Aliinama mbele ya meza, akaweka kidole juu ya uzi.

"Ka... ri... bu... ni." Akavuta pumzi. "Tu... le... ja... sho... le... tu."

Akanyooka ghafla. "Nimesoma! Jamani, nimesoma, na mwalimu hayupo!"

Vigelegele vikapigwa mpaka watu wa banda la katani wakaja mbio kuona kuna nini. Yuditha alikuwa amesimama nyuma ya meza, machozi yanamtoka, hana hata leso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kashona hiki?"

"Ni mimi."

"Wewe! Mbona vitambaa vya banda la pili vimenishinda? Herufi zake nazijua, lakini zinanigomea."

"Hata mimi zilinigomea, bibi. Hizo ni za Kizungu."

Bi Chausiku akamshika mkono. "Utakuja kwetu. Wanawake wote wanataka kushona, na sasa wanajua kusoma."

Kitambaa kile kilipewa tuzo ya kwanza. Agripina alikuwa wa kwanza kumkumbatia, akaagiza LALA SALAMA mbili. Yuditha naye akaenda Sindeni kweli. Mwanamke mmoja alitaka NG'OMBE, akauliza kile kialama cha juu ni cha nini. Yuditha akamwambia aseme neno bila hicho, kisha aseme nacho. Darasa zima likacheka, na kialama kikashonwa.

Kaleb alipokuja na basi kumchukua, alikuta vitambaa vimeanikwa kwenye kamba nje ya darasa, wapita njia wanavisoma kwa sauti. Akabisha hodi mlangoni.

"Subiri kidogo, baba," Bi Chausiku akamjibu kutoka ndani. "Mwalimu bado anafundisha."